Mali ya Bima

Rubani wa ndege ndogo huianza safari yake akiwa ameinama chini ya bawa. Mkononi ana kikombe cha plastiki angavu chenye kijiti katikati. Anakisukumia kwenye vali ndogo iliyo kitakoni mwa tangi, mafuta kidogo yanachuruzika, kisha anakiinua kikombe kuelekea mwanga wa asubuhi na kukikazia macho. Petroli ya ndege za aina hii, ambayo marubani huiita 100LL, hutiwa rangi ya buluu makusudi ili isidhaniwe kuwa mafuta mengine. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yakiwamo hutuama chini kabisa: tone lisilo na rangi, linalozunguka kikombe kikitikiswa. Akiliona anamwaga, anakinga tena, anatazama tena, mpaka kikombe kiwe buluu tupu. Halafu anapanda juu, anafungua kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti cha kupimia, maana geji za mafuta za ndege hizi zina sifa mbaya, na rubani mzoefu huamini kijiti kuliko sindano.

Abiria aliyesimama pembeni na begi lake begani huona anacheleweshwa. Ana haki ya kutojua. Lakini mengi ya yale yanayoizima injini angani huanzia hapahapa chini, kwenye kikombe ambacho hakikuinuliwa, au kilichoinuliwa na mtu aliyekuwa akiongea na simu.

Bob Hoover alikuwa rubani wa majaribio na wa maonyesho huko Marekani. Watu walilipa kiingilio kumwona akizima injini zote mbili za ndege yake ya Shrike Commander angani, akaizungusha duara, akatua, na kuiacha ijiviringishe yenyewe mpaka mbele ya watazamaji. Kama kuna mtu aliyeuzoea ukimya wa injini, ni yeye. Mwaka 1978, akitoka kwenye maonyesho California na abiria wawili, injini zote mbili zilikata muda mfupi baada ya kupaa, akiwa kwenye futi 300 hivi. Safari hii hakuwa amezizima yeye. Kijana wa kujaza mafuta alikuwa ameitia ndege ile ya petroli mafuta ya jeti. Hoover aliishusha bondeni, ndege ikaharibika, watu wote wakatoka wazima. Kijana yule alipokutwa amefadhaika kupita kiasi, Hoover alimwambia kesho yake amjazie mafuta ndege yake nyingine. Na hakuishia kwenye huruma. Alipigania mdomo wa bomba la mafuta ya jeti uwe mpana kuliko tundu la tangi la petroli, ili kosa lile lisiwezekane hata kwa mtu aliyechoka. Wanaoisimulia habari hii hupenda kuishia kwenye msamaha. Mimi naona bomba ndilo lenye uzito zaidi. Msamaha peke yake ungemwacha kijana mwingine, kwenye uwanja mwingine, na bomba lilelile.

Injini yenyewe, tuitendee haki, si dhaifu. Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950, na injini yake ya pistoni inayopozwa kwa hewa ni ya ufundi ambao fundi wa Volkswagen za kale angeuelewa bila kuelezwa. Kila silinda ina plagi mbili, na plagi hizo zinapewa moto na magneto mbili zinazojitegemea, zisizohitaji betri. Umeme wote wa ndege ukikatika, injini inaendelea kunguruma. Magneto moja ikifa, nyingine inabeba mzigo. Waliobuni walijua kwamba huko juu hakuna pembezoni mwa barabara pa kuegesha. Kisichokuwa na pacha ni injini yenyewe, na kichwa cha mwenye kuiendesha.

Sababu inayoongoza kwa aibu ni kuishiwa mafuta. Hakuna kilichovunjika. Ndege ni nzima, injini ni nzima, na matangi ni makavu, kwa sababu mtu alikuwa anawahi nyumbani, upepo wa mbele ukawa mkali kuliko alivyohesabu, na kila kiwanja alichokipita alijiambia kinachofuata hakiko mbali. Sina mengi ya kusema hapa. Kijiti cha kupimia hakigharimu kitu.

Hewa ndiyo yenye hila. Mtu wa Tanga au Mombasa atapata tabu kuamini kwamba injini inaweza kuzibwa na barafu mchana wa jua kali, nyuzi joto 30, shati limegandamana na mgongo. Inawezekana kabisa, na jasho hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini: hewa imejaa maji. Ndani ya kabureta hewa hupita kwenye koo jembamba, mwendo wake unaongezeka, kanieneo inashuka. Hapohapo petroli inageuka mvuke na kunyonya joto. Mambo hayo mawili kwa pamoja yanaweza kushusha halijoto kwa nyuzi 30 na zaidi. Unyevu unaganda kwenye kuta za lile koo, koo linazidi kubana, injini inakosa pumzi. Hakuna kishindo. Sindano ya mizunguko inateremka polepole, na rubani aliyenogewa na mazungumzo anasukuma moto mbele kidogo ili kufidia, bila kujiuliza.

Dawa ni kishikio kimoja cha kuvuta, kinacholeta hewa iliyopashwa na joto la ekzosi. Lakini tazama dawa hiyo inavyofanya kazi. Barafu ikiyeyuka, maji yake yanaingia kwenye silinda, na injini iliyokuwa inalegea taratibu sasa inakohoa na kutetemeka vibaya kuliko mwanzo. Rubani mgeni huogopa akakirudisha kishikio ndani. Mtetemo unapungua, anashukuru Mungu, na barafu inaanza upya. Inambidi mtu avumilie kitambo injini inayoonekana inakata roho ili ipate kupona. Urubani umejaa mambo ya namna hii: linalookoa lina sura ya linaloua, na linaloua lina sura ya kimbilio.

Barafu ilimfuata hata mtoto wa Njoro. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mdogo, akakulia shambani kwa baba yake Njoro akicheza na watoto wa Kiafrika na kuzungumza Kiswahili. Alifundishwa urubani na Tom Campbell Black, akawa anajipatia riziki kwa kubeba barua na abiria, na kwa kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani, kazi ambayo leo hatungeisifu. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, kuvuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi, upepo ukimjia usoni, hana redio. Ndege yake, Vega Gull ya injini moja, ilikuwa imejazwa matangi ya ziada mpaka ndani ya chumba alichokaa. Matangi hayo hayakuwa na geji. Utaratibu ulikuwa kuliacha tangi likauke mpaka injini ikate, ndipo ufungue linalofuata. Hebu wazia: gizani, juu ya bahari, umekaa unasubiri injini izime, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee ya kujua. Ilipozima alipapasa kutafuta koki huku ndege ikishuka kuelekea maji asiyoyaona, akaifungua, injini ikarudi.

Baada ya saa zaidi ya 20, nchi kavu ya Kanada ikiwa imeshaonekana, injini ilianza tena kukata. Safari hii mafuta yalikuwamo. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mwisho, na tangi lisilovuta hewa halishushi mafuta. Ikakata, ikarudi, ikakata. Uwanja wa Sydney, kwenye kisiwa cha Cape Breton, haukuwa mbali. Alipoona haufikii, aliishusha Vega Gull karibu na Baleine, mahali palipoonekana kuwa uwanda, napo pakawa ni kinamasi. Magurudumu yakazama, ndege ikasimama kwa pua, mkia juu. Alitoka na jeraha kichwani. Ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na kumbukumbu iliyobaki ya ushindi huo ni ndege iliyochomeka matopeni.

Sasa tuseme lenyewe. Ndege isiyo na injini bado ni ndege. Cessna 172 iliyozimikiwa husonga mbele takriban mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka, sawa na baiskeli iliyoachwa iteremke mlima bila kupigwa pedali. Mlima wenyewe ni ule urefu ulioununua kwa mafuta dakika zilizopita. Kutoka futi 3,000 juu ya ardhi unapata kama kilomita 8, na dakika nne. Dakika nne ni mtaji mkubwa. Zinatosha kuchagua shamba, kujaribu tangi jingine, kuvuta hewa ya moto, kukagua swichi za magneto, kuuita mnara, kuwaambia abiria wakaze mikanda na wavue miwani. Kutoka futi 300 unapata sekunde zisizofika 30, na nusu yake utaimaliza ukishangaa.

Masharti ni mwendo. Bawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu yake kwa kasi, na kwa ndege hii kasi hiyo wakati wa kuteleza ni karibu kilomita 120 kwa saa. Injini ikikata wakati wa kupaa, pua ikiwa imeelekea juu, kasi hiyo inaporomoka ndani ya sekunde chache. Ardhi inaanza kukujia. Kila kiungo cha mwili kinataka kuvuta usukani, kuizuia pua isielekee kule chini. Inakubidi usukume. Inakubidi uielekeze pua kwenye kitu chenyewe unachokiogopa, na uishikilie hapo. Anayevuta hupata faraja ya sekunde mbili, kisha bawa linaachia hewa, ndege inalala ubavu mmoja na kuporomoka, na kutoka kimo kile hakuna nafasi ya kuiokoa. Mpaka hapo ilikuwa inashuka. Sasa ndiyo imeanguka.

Kishawishi kingine kiko nyuma ya mgongo. Nusu dakika iliyopita umetoka kwenye lami nzuri, na gari la zimamoto liko pale. Kwa nini usirudi? Kwa sababu kurudi kunataka mgeuko wa zaidi ya nyuzi 180: unazunguka, kisha unajipanga upya na njia, na ule upepo uliokusaidia kupaa sasa unakusukuma kwa nyuma. Tena ndege iliyolala ubavu huhitaji kasi zaidi ili bawa lishike hewa. Ikilala kwa nyuzi 45, kasi ya chini kabisa ya kubaki angani inapanda kwa asilimia 19. Kwa nyuzi 60 inapanda kwa asilimia 41. Rubani aliyeona njia inampita pembeni huzidi kuilaza ndege ili aiwahi, na huku anavuta. Marubani wa Marekani huuita mgeuko usiowezekana. Jina hilo limetiwa chumvi, maana mwenye kimo cha kutosha na mazoezi ya kutosha huumudu. Wengi hawana hivyo vyote viwili siku inapowatokea.

Tarehe 5 Machi 2015 mwigizaji Harrison Ford alipaa kutoka Santa Monica, California, akiwa na ndege ya mafunzo iliyotengenezwa mwaka 1942. Injini ikapoteza nguvu. Baadaye wachunguzi walikuta kipande kidogo ndani ya kabureta, kile kinachopima mafuta, kimejifungua na kutoka mahali pake. Ford aliwaambia waongozaji ndege kwamba anarudi. Kisha akaona hafiki, akafanya jambo ambalo watu wengi wenye leseni hulishindwa: akabadili nia. Aliishusha kwenye uwanja wa gofu wa jirani, akipita akagonga kilele cha mti, akavunjika mifupa, akapona. Alikuwa na miaka 72. Sifa za mashujaa wake wa sinema sizijali sana, lakini hiyo ya kubadili nia angani naihesabu.

Huku kwetu ndege ndogo si mchezo wa matajiri peke yao. Tangu mwaka 1957, daktari Michael Wood na wenzake walipoanzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo tunaijua kama AMREF, ndege za aina hii zimepeleka upasuaji na chanjo mahali ambapo gari lingefika kesho kutwa. Anne Spoerry, aliyeitwa Mama Daktari, aliendesha mwenyewe ndege yake mpaka visiwa vya Lamu na kaskazini ya Kenya kwa miongo kadhaa. Makao ya huduma hiyo ni Wilson, Nairobi, na pale hesabu ninazozisema zinakuwa kali zaidi. Uwanja uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini ya pistoni ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kabla magurudumu hayajaiacha lami, karibu moja ya sita ya nguvu haipo. Upande mmoja kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande mwingine kuna nyumba za watu. Ikikata baada ya kupaa, unachagua kati ya simba na mabati. Jibu sahihi ni simba.

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ina kitabu cha mafunzo ya urubani ambacho, katika sura ya dharura, kabla hakijafika kwenye mashamba na upepo, kinazungumzia moyo wa rubani. Kinataja maadui: kukataa kukubali kwamba jambo limetokea, kutamani kuiokoa ndege, kuogopa kupita kiasi kuumia. La kwanza kila mtu analijua. Nani hajawahi kuizungusha funguo ya gari lililokufa mara ishirini, akitegemea kwamba ya ishirini na moja itakuwa tofauti? La pili ndilo linalonikaa kichwani. Mwenye ndege binafsi ameinunua kwa mkopo au kwa jasho la miaka. Ameipaka rangi aliyoichagua. Anajua kila mkwaruzo. Na sasa mbele yake kuna mawili: shamba lenye mabonde, lililo karibu, ambalo hakika litavunja magurudumu na pengine bawa, na barabara nzuri iliyo mbali kidogo, ambayo huenda akaifikia na ndege ikabaki nzima. Hilo neno "huenda" limezika watu wengi.

Ndiyo maana marubani wana msemo wao kwamba injini ikishazima, ndege si yako tena, ni mali ya bima. Ni mzaha, ila ndani yake mna hesabu. Mwili wa binadamu aliyefungwa mkanda vizuri hustahimili kusimamishwa kwa ghafla kuliko tunavyodhani, mradi kusimama huko kugawanywe juu ya umbali fulani. Ukigusa ardhi kwa kilomita 80 kwa saa, na kila kitu kikasimama sawia kwa nguvu mara tisa ya uzito wako, unahitaji chini ya mita 3 kusimama. Kwa kilomita 160 kwa saa unahitaji zaidi ya mita 11. Kasi imezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Kwa hiyo gusa ardhi polepole iwezekanavyo lakini ukiwa bado unaiongoza, ukiukabili upepo, na ziache mita hizo zilipwe na vyuma: magurudumu yang'oke, bawa likatwe na mti, tumbo la ndege likwaruzwe na mawe. Kila kinachovunjika nje ya chumba kimechukua sehemu ya pigo ambalo lingekuja ndani. Rubani anayeogopa kuharibu bawa anaweka akiba mahali pasipostahili.

Shamba lenyewe halitabiriki kutoka juu. Kijani laini kinachovutia macho kinaweza kuwa mahindi yaliyompita mtu kimo, au chai ya Mufindi yenye mashina magumu. Mikonge ya Tanga inaonekana imepangwa kwa rula, na imepangwa kweli, ila kila jani lina mwiba. Nyika huficha vichuguu na mashimo ya muhanga ndani ya nyasi. Shamba lililolimwa hutuliwa kwa kufuata matuta, kamwe si kwa kuyakata. Upepo unasomwa kwenye moshi wa mkulima anayechoma majani, au kwenye vumbi la ng'ombe. Nyaya za umeme hazionekani kabisa. Unatafuta nguzo, kisha unaamini kwamba kati ya nguzo na nguzo pana waya. Januari 1954, karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Cessna iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway na mkewe iligonga waya wa simu uliokwisha kuachwa, ikalazimika kujitupa porini. Walipona. Kesho yake walipanda ndege nyingine pale Butiaba iwatoe, nayo ikawaka moto wakati wa kupaa. Wakapona tena, ingawa si salama salimini, na magazeti yalikuwa yameshatangaza kifo chake.

Kuna mahali pamoja panapoonekana bora kuliko pote, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Ufukwe. Mrefu, tambarare, hauna nguzo wala vichuguu, mchanga uliolowa ni mgumu. Tarehe 2 Agosti 2017 Cessna 152 yenye mwalimu na mwanafunzi ilizimikiwa karibu na Lisbon, Ureno, na ikatua kwenye ufukwe wa São João, Costa da Caparica. Ilikuwa alasiri ya kiangazi, watu wamejaa. Msichana wa miaka minane na mwanamume wa makamo walikufa pale mchangani. Waliokuwa ndani ya ndege walitoka kwa miguu yao. Miaka mitatu kabla, Julai 2014, ndege ndogo iliyopoteza nguvu ilitua ufukweni Florida ikawaua baba na binti yake waliokuwa matembezini. Ndege iliyozima injini haingurumi. Kwenye vishindo vya mawimbi, aliyeipa mgongo haisikii mpaka imefika.

Tunasema aliye juu mngoje chini. Wale wa Caparica hawakuwa wakimngoja mtu.

Najua ni rahisi kwangu, niliyekaa kwenye kiti kisichoshuka, kutoa hukumu. Naitoa hata hivyo. Aliyepanda ndege ya injini moja amekubali hatari yake, hata kama aliikubali bila kufikiri. Aliyetandika khanga mchangani na mtoto wake hajakubali chochote. Ufukwe ukiwa na watu, si uwanja wa kutua, na maji yaliyo kando yake ndiyo yanayobaki, pamoja na ubaya wake wote. Atakayeruka Jumapili alasiri kutoka Dar es Salaam kufuata pwani autazame ufukwe wa Coco anapoupita, auone ulivyofurika, na awe ameshaamua kabla hajaulizwa.

Ubaya wa maji nao usipunguzwe. Ndege nyingi ndogo zina magurudumu yasiyokunjwa. Yanapoyagusa maji yananasa, na mara nyingi ndege hubinuka ikalala chali, abiria wakining'inia kwenye mikanda, kichwa chini, maji yakipanda. Ndiyo maana milango hufunguliwa kidogo kabla ya kugusa, isije ikabanwa. Na maji yetu si madogo. Kati ya Unguja na bara pana takriban kilomita 30 hata mahali pembamba. Kutoka futi 5,000 Cessna 172 huteleza chini ya kilomita 14. Fanya hesabu mwenyewe: kuna kipande katikati ambapo hakuna nchi kavu inayofikika, si mbele wala nyuma. Ndege zinazobeba abiria wengi wa njia hiyo, zile Caravan, zina injini ya tabini, ambayo ni ya kuaminika kuliko ya pistoni. Lakini ni moja.

Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikajitupa baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Ilikuwa ndege kubwa, kisa chake ni kingine, lakini jambo moja linamhusu kila anayevuka maji yetu. Baadhi ya abiria walikuwa wameyajaza upepo majaketi yao ya kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua mpaka kwenye dari na kuwashikilia hapo, na mlango ulikuwa chini yao.

Kwa hiyo ukipanda ndege ndogo kwenda Unguja, Pemba au Mafia, rubani akigeuka kukuonyesha jaketi, weka simu chini umsikilize. Shika kwa mkono mlango utakaoutumia, ujue unafunguka upande gani. Ikitokea mnashuka majini, livae, lifunge, kaza mkanda, na usilijaze upepo mpaka uwe umeshatoka nje.